Daftari la Mavuno: Wakulima wa Zabibu wa Languedoc na Ushirika Wao

(Maneno ya mazungumzo kwa wajumbe wa vyama vya msingi)



Kusini mwa Ufaransa, baina ya mto Rhône na milima ya Pyrénées, ipo nchi iitwayo Languedoc. Uso wake umeielekea bahari ya Mediterania, na mgongo wake umeegemea vilima vya mawe. Ni nchi ya jua. Miezi ya Juni, Julai na Agosti hupita karibu bila mvua, na mvua inapokuja, aghalabu mwezi Septemba na Oktoba, huja kwa kishindo na kuondoka na udongo. Upepo mkavu wa bara, ambao wenyeji huuita tramontane, huvuma siku nyingi za mwaka. Mgeni huuchukia upepo huo, lakini mkulima huushukuru, kwa sababu hukausha majani ya mizabibu, na penye majani makavu ukungu hauoti.

Katika nchi hiyo zao la pesa ni moja, nalo ni zabibu za kukamuliwa divai. Wamo miongoni mwa wajumbe watu ambao dini yao hairuhusu hata kuigusa divai, na mazungumzo haya hayamwiti mtu yeyote kunywa. Yanahusu watu waliotegemea zao moja, waliodhulumiwa katika bei, wakaunda vyama, na baada ya machungu mengi wakagundua kwamba ulinzi wao mkubwa ni hesabu zinazoweza kusomwa na kila mtu. Kwa hiyo mwenye kahawa, pamba au korosho asione kuwa habari hii ni ya mbali.

Yafaa kwanza kueleza kazi yenyewe. Mzabibu hupogolewa wakati wa baridi, na kazi hiyo hufanywa kwa mkono, shina kwa shina, mkulima akiwa ameinama tangu asubuhi. Mizabibu ya zamani ya Languedoc haikufungwa kwenye waya. Kila mmoja ulikatwa ukasimama peke yake kama kichaka kifupi chenye umbo la kikombe, ili majani yake yayafunike matunda yasiungue. Mavuno huanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika Oktoba. Kwetu Dodoma, kwa rehema ya hali ya hewa, mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Huko huvunwa mara moja tu, na mvua ya mawe ya nusu saa yaweza kuichukua kazi ya miezi kumi na miwili.

Tena zabibu hazingoji. Kahawa iliyokaushwa yaweza kukaa ghalani na pamba yaweza kukaa ghalani, lakini zabibu zilizokatwa leo ni lazima zikamuliwe leo au kesho. Maji yake huanza kuchacha yenyewe. Asiye na mtambo wa kukamulia wala mapipa ya kuhifadhia hana budi kuuza siku ile ile kwa mwenye navyo, kwa bei atakayotaja mwenye navyo. Hilo ndilo lililokuwa fundo la dhuluma yote.

Katikati ya karne ya 19 reli ilifika katika miji ya kusini, na divai ya Languedoc ikaanza kwenda Paris na katika miji ya viwanda kwa mapipa maelfu. Wafanyakazi wa viwandani waliinywa pamoja na chakula kila siku. Wakulima walijenga nyumba, wakaoza binti zao kwa fahari, na watu wa milimani wakashuka bondeni kutafuta kibarua. Kisha katika miaka ya 1860 mizabibu ikaanza kunyauka pasipo sababu ya kuonekana. Mwaka 1868 wataalamu, akiwamo Jules-Émile Planchon wa Montpellier, waliing'oa mizabibu iliyokuwa mgonjwa wakakuta kwenye mizizi yake vidudu vidogo vya rangi ya manjano, mfano wa chawa, vikifyonza. Kidudu hicho kilipewa jina la filoksera. Kilikuwa kimetoka Amerika pamoja na miche. Dawa iliyofaulu hatimaye ilikuwa kubebesha: shina la chini liwe la mzabibu wa Amerika, ambao mizizi yake imezoea kidudu hicho, na sehemu ya juu iwe ya mzabibu wa Ulaya. Takriban mashamba yote ya Languedoc yalipandwa upya kwa njia hiyo.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Waliopanda upya waliviacha vilima vya mawe, ambako mzabibu huzaa kidogo lakini zabibu huwa na utamu, wakateremka kwenye mabonde yenye udongo mzito. Walichagua aina iitwayo Aramon, ambayo sifa yake kubwa ilikuwa wingi. Hekta moja ya Aramon bondeni iliweza kutoa divai zaidi ya hektolita 100, yaani lita 10,000, na mara nyingine maradufu ya hizo. Divai hiyo ilikuwa nyepesi kama maji yaliyotiwa rangi, na wafanyabiashara waliichanganya na divai nzito ya Algeria, nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Wafaransa.

Tena katika miaka ile ya upungufu wafanyabiashara walikuwa wamejifunza ujanja. Walichukua makapi ya zabibu yaliyokwisha kamuliwa, wakatia maji na sukari, wakaacha yachache tena, na kile kilichopatikana wakakiuza kwa jina la divai. Mashamba yalipopona, ujanja haukuachwa. Mwaka 1903 ushuru wa sukari ulipunguzwa, na sukari ikawa rahisi zaidi. Soko likafurika divai ya kweli na ya uongo pamoja. Bei ikaanguka mpaka haikutosha kulipa gharama za kupogoa, na watu wenye mapipa yaliyojaa wakakosa pesa ya mkate.

Katika hali hiyo, mwishoni mwa mwaka 1901, wakulima wadogo wa kijiji cha Maraussan, karibu na mji wa Béziers, waliunda chama wakakiita Wakulima Huru. Kiongozi wao alikuwa Élie Cathala. Chama hicho huhesabiwa kuwa ushirika wa kwanza wa divai katika Ufaransa ya wakati ule. Inafaa kuangalia walianza na nini, maana hawakuanza na jengo. Walianza na soko. Waliuza divai yao moja kwa moja kwa vyama vya ushirika vya wanunuzi, vya wafanyakazi wa Paris, ili asiwepo dalali baina ya anayelima na anayekunywa. Walipokwisha kuwa na mnunuzi anayewaamini, ndipo walipojenga ghala la pamoja la kukamulia na kuhifadhi, mwaka 1905. Juu ya uso wa jengo hilo waliandika maneno yenye maana ya kwamba wote ni kwa ajili ya kila mmoja, na kila mmoja ni kwa ajili ya wote. Jean Jaurès, mbunge na kiongozi mashuhuri wa wafanyakazi, alikwenda kuwatembelea mwaka huo huo.

Maraussan, hata hivyo, kilikuwa kijiji kimoja. Nchi nzima ilikuwa ikiteketea. Tarehe 11 Machi 1907, wakulima 87 wa kijiji cha Argelliers walikwenda Narbonne wakiongozwa na Marcelin Albert, mwenye mkahawa na mashamba machache ya zabibu, ili waseme shida zao mbele ya tume ya Bunge. Walisikilizwa, wakarudi, wala hakuna kilichobadilika. Basi Albert akaanza kuhutubia Jumapili kwa Jumapili, mji kwa mji. Watu walikuja kwa makumi ya maelfu: Narbonne, Béziers, Perpignan, Carcassonne, Nîmes. Tarehe 9 Juni walikusanyika Montpellier watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 500,000. Walikuwamo matajiri wenye mashamba makubwa na vibarua waliokuwa wamewagomea matajiri hao miaka mitatu tu iliyotangulia. Halmashauri za miji zikajiuzulu kwa mamia, na watu wakaacha kulipa kodi.

Serikali ya Georges Clemenceau ilipeleka askari. Tarehe 19 Juni meya wa Narbonne, Ernest Ferroul, alikamatwa, na katika siku hiyo na iliyofuata askari walifyatua risasi mjini humo. Watu kadhaa waliuawa, miongoni mwao msichana wa miaka 20. Habari hizo zilipofika Agde, askari wapatao 500 wa Kikosi cha 17, ambao wengi wao walikuwa watoto wa wakulima hao hao, walivunja ghala la risasi wakatembea usiku kucha hadi Béziers. Waliketi katika barabara kuu ya mji na bunduki zao, wakakataa kuwapiga wazazi wao. Walirejea kambini kwa ahadi kwamba hawataadhibiwa, kisha wakapelekwa Gafsa, katika jangwa la Tunisia.

Kuhusu Marcelin Albert, liko jambo ambalo kila kiongozi wa chama yafaa alisikie. Alipokuwa akitafutwa ili akamatwe, alikwenda kwa siri Paris, na tarehe 23 Juni akakutana na Clemenceau ana kwa ana. Walizungumza, Albert akaahidi kurudi kuwatuliza watu. Mwisho wa mazungumzo waziri mkuu alimpa noti ya faranga 100 ya nauli ya treni, naye akaipokea. Clemenceau akawaambia waandishi wa magazeti. Noti ile moja ilimmaliza. Watu waliokuwa wakimwita mkombozi walimwona kuwa amenunuliwa, akafa maskini mwaka 1921. Hakuna ushahidi kwamba Albert alikuwa mwizi, na huenda kweli hakuwa na nauli. Lakini alikwenda peke yake bila kutumwa na kamati, akapokea pesa bila stakabadhi, na hakuwa na mtu wa kumshuhudia. Mtu mwaminifu aliyefanya hivyo hana njia ya kuonyesha kwamba yeye si yule mwingine.

Sheria iliyotungwa tarehe 29 Juni 1907, wakati damu ya Narbonne haijakauka, haikuwapa wakulima pesa wala haikuwapangia bei. Kiini chake kilikuwa daftari. Kila mkulima alitakiwa kutangaza katika ofisi ya kijiji chake ukubwa wa mashamba yake, kiasi cha divai aliyovuna na kiasi kilichobaki kutoka mwaka uliopita, na matangazo hayo yakabandikwa wazi. Sukari ya kutia katika divai iliongezewa kodi, na ununuzi wake kwa wingi ukaandikwa. Kwa nini daftari liwe silaha? Kwa sababu mtu aliyetangaza kuvuna hektolita 200 hawezi kuuza 300 bila kuulizwa hizo 100 zilizozidi zimetoka katika mizabibu gani. Mwezi Septemba mwaka huo wakulima waliunda shirikisho lao kuu huko Narbonne, Ferroul akiwa mwenyekiti, na jambo mojawapo la mwanzo walilolifanya ni kuajiri kwa michango yao wenyewe wakaguzi wa kufuatilia divai ya uongo. Hawakungoja wakaguzi wa serikali.

Ilikuwa rahisi kumlaumu mtia sukari, na lawama hiyo ilikuwa ya haki. Lakini daftari lilipofunguliwa lilionyesha na jambo jingine lisilopendeza: divai ya kweli nayo ilikuwa nyingi kupita kiasi. Sehemu kubwa ya mafuriko yale ilitoka katika mabonde ya wale wale waliokuwa wakiandamana. Wengi hawakupenda kulisoma ukurasa huo, na kwa kutousoma walirudi kwenye shida ile ile mara nyingi. Mwaka 1931 serikali ilibidi iweke sheria ya kuzuia kupanda mizabibu mipya na kuzuia sehemu ya divai isitoke ghalani.

Katika miaka hiyo ya 1930 ndipo maghala ya ushirika yalipoenea, hata vijiji vingi vya Languedoc vikawa na ghala lake kubwa la mawe na saruji, lililoshindana na kanisa kwa urefu. Kanuni ya msingi ilikuwa, na hata leo ni hivyo katika vyama vingi, kwamba mwanachama huleta mavuno yake yote. Haruhusiwi kuuza zabibu nzuri kwa mfanyabiashara na kukiletea chama zilizobaki. Wenye vyama hapa wanaijua hila hiyo bila kuelezwa.

Zabibu zikifika, tela hupita kwanza kwenye mizani. Kisha huchukuliwa sampuli ya maji ya zabibu, ikapimwa sukari yake, kwa kuwa sukari ndiyo itakayogeuka kuwa kileo, nayo huhesabiwa kwa digrii. Kilo huzidishwa kwa digrii, na jumla hiyo huandikwa katika hesabu ya mwanachama. Mwenye kilo 1,000 za digrii 12 huandikiwa 12,000, na mwenye kilo 1,000 za digrii 9 huandikiwa 9,000. Malipo hayatolewi papo hapo. Divai huuzwa polepole mwaka mzima, na mwanachama hulipwa kwa awamu kadiri inavyouzwa, kisha hesabu hufungwa.

Katika utaratibu huo mkulima mdogo alipata uwezo wa kungoja, ambao baba yake hakuwa nao. Hata hivyo kipimo cha kilo kwa digrii nacho kilikuwa na mlango wa nyuma. Kiliwatofautisha wenye sukari nyingi na wenye sukari kidogo, lakini hakikumtofautisha mwenye zabibu safi na mwenye zabibu zilizooza, wala aina bora na aina duni. Kwa muda mrefu zabibu zote zilimiminwa katika tangi moja. Mwanachama aliyejitahidi kilimani alimtajirisha jirani yake wa bondeni, na baada ya miaka kadhaa akaacha kujitahidi. Vyama vilivyojirekebisha, hasa kuanzia miaka ya 1970 na 1980, vilianza kutenganisha matangi na kumlipa mwanachama kwa aina na hali ya shamba lake: Grenache, Syrah, Carignan ya mizabibu mikongwe. Mwaka 1985 maeneo ya Corbières na Minervois yakapewa haki ya majina yao kulindwa kisheria. Vyama vilivyokataa kubagua tangi vikaendelea kuuza divai ya lita kwa mfanyabiashara wa jumla.

Lakini wanywaji nao walikuwa wamebadilika. Karibu na mwaka 1960 Mfaransa alikunywa kwa wastani zaidi ya lita 100 za divai kwa mwaka. Leo hanywi hata nusu yake. Divai ya Italia iliingia bila ushuru. Tarehe 4 Machi 1976, huko Montredon-des-Corbières, wakulima na polisi walipigana kwa risasi, akafa ofisa mmoja wa polisi na mkulima mmoja. Baadaye Jumuiya ya Ulaya iliwalipa wakulima ili waing'oe mizabibu yao, na maelfu kwa maelfu ya hekta yakang'olewa. Mwaka 2024 serikali ya Ufaransa ilifungua tena mpango wa namna hiyo, kwa malipo ya yuro 4,000 kwa hekta. Vijiji vimeunganisha vyama vyao, na baadhi ya maghala yale ya fahari yamefungwa.

Pamoja na hayo liko tukio la karibu linaloonyesha kuwa daftari la 1907 bado li hai. Mwezi Februari 2010 mahakama ya Carcassonne iliwatia hatiani wafanyabiashara na wazalishaji kadhaa, vyama vya ushirika vikiwamo, kwa kuiuzia kampuni ya Marekani mamilioni ya lita za divai ya zabibu za bei nafuu kwa jina la Pinot Noir, aina ya bei kubwa. Hawakugunduliwa kwa kuonja. Wanywaji wa Marekani walikunywa na kuridhika. Wakaguzi waligundua walipolinganisha karatasi: bei ya kununulia ilikuwa ndogo mno kwa aina ile, na kiasi kilichouzwa kilizidi Pinot Noir yote iliyokuwa ikivunwa katika eneo lile. Wanachama ambao walikuwa wamelima kwa haki walijikuta jina la nchi yao limechafuka magazetini dunia nzima.

Na jua, lililokuwa neema ya Languedoc, sasa limekuwa kali kupita kiasi. Tarehe 28 Juni 2019, katika kijiji cha Vérargues, joto lilifika digrii 46, na katika mashamba ya Hérault na Gard majani na vishada viliungua kana kwamba vimepitiwa na mwali wa moto. Mwezi Agosti 2025 moto wenyewe ulikuja. Katika vilima vya Corbières yaliteketea maelfu ya hekta kwa siku chache. Wenyeji na wazima moto waliona jambo moja: mahali penye mizabibu iliyolimwa na kupogolewa, moto aghalabu ulipunguza mwendo au kusimama, na mahali ambapo mashamba yalikuwa yamegeuka vichaka ulipita bila kizuizi. Hekta zilizokuwa zimehesabiwa kuwa za ziada katika soko zilikuwa pia ukuta wa kijiji, wala hakukuwa na safu ya kuliandika jambo hilo katika hesabu za mtu yeyote.

Wiki chache baadaye mavuno yalianza. Wale ambao zabibu zao hazikuguswa na moto iliwapasa kuangalia kama hazikuguswa na moshi, maana moshi huingia katika ganda la tunda na kuonekana baadaye ndani ya divai. Tela zilipanga foleni kwenye mizani kama kawaida, chache kuliko mwaka uliotangulia, na kila moja ikaandikwa.